Mnara Usiishie Barabarani

Hapana ubishi kwamba simu imekwisha kuondoka katika orodha ya vitu vya anasa. Mkulima anayetaka mbolea ya ruzuku, tangu msimu wa mwaka 2022/23, huandikishwa katika daftari la kielektroniki na kupewa namba yake. Mzazi anayetaka kujua matokeo ya mtihani wa mwanawe hayafuati tena ubaoni shuleni. Huyasoma katika simu. Sensa ya mwaka 2022, iliyotuhesabu Watanzania 61,741,120, ilifanywa kwa vishikwambi. Mama mjamzito anayepatwa na dharura ameelekezwa kuwa watu wake wapige namba 115, bila malipo, ili gari limfuate nyumbani au limhamishe kutoka zahanati kwenda hospitali. Hata anayekwenda kulipa ada au ushuru halali wa Serikali huulizwa kwanza namba ya malipo. Kwa maneno mafupi, Serikali yenyewe imehamia katika simu.

Kuhama huko ni kwema, nasi tunakuunga mkono, maana kumepunguza foleni, safari zisizo na sababu na mianya ya rushwa. Lakini mwenye kaya anapohama, kabla ya kufunga mlango wa nyumba ya zamani, hutazama kama hakuna mtoto aliyesahauliwa ndani. Ndilo swali tunalopenda kuliuliza leo. Mwananchi anayeishi mahali ambapo mawimbi ya simu hayafiki, au yanafika kwa kubahatisha, yeye anahudumiwa na Serikali ipi?

Tunaliuliza swali hili tukiitazama Mamboya, kata iliyoko katika nchi ya Wakaguru wilayani Kilosa. Hatuitaji kwa kuwa ndiyo iliyo nyuma kuliko kata zote za mkoa wetu. Tunaitaja kwa sababu historia yake ni somo zuri la namna mawasiliano yanavyotembea katika nchi hii, na kwa sababu somo hilo halijaeleweka vya kutosha na wale wanaopanga minara ijengwe wapi.

Katika miaka ya 1880 Mamboya haikuwa pembeni. Ilikuwa njiani. Misafara iliyotoka pwani kwenda Mpwapwa na Unyamwezi ilipita katika nchi ile, na wamisionari wa Kiingereza walikuwa wamefungua kituo chao pale. Barua zilizotoka Unguja zilibebwa na matarishi wa miguu, wakapanda nazo milima hiyo. Unguja yenyewe ilikuwa imeunganishwa na Aden kwa waya wa chini ya bahari mwaka 1879. Hivyo habari ya London iliweza kufika Unguja kwa muda mfupi, halafu ikatumia majuma kadhaa kufika Mamboya. Hata hivyo ilifika, kwa sababu njia ya biashara ilipita pale.

Kisha wakaja Wajerumani na reli yao. Ujenzi ulianza Dar es Salaam mwaka 1905, na reli ikafika Kigoma mwaka 1914. Ilipofika Kilosa ilishika bonde la mto Mkondoa kuelekea magharibi, wala haikupanda kwenda Mamboya. Tangu siku hiyo njia ya zamani ya misafara ilikufa. Waya wa simu ulifuata reli na maboma. Chini ya Waingereza hali ilikuwa hiyo hiyo: simu ilikuwa chombo cha boma, cha stesheni na cha mwenye shamba la mkonge. Mkaguru wa mlimani hakuwa na haja ya simu, kwa maoni ya mtawala, kwa kuwa yeye alikuwa mtu wa kuitwa na si mtu wa kuita.

Somo la kwanza ni hili. Mawasiliano yakiachwa yajiendee yenyewe, hufuata mali. Waya ulifuata reli, na reli ilifuata mali. Hakuna mtu aliyekaa akaamua kuionea Mamboya. Ilitosha tu kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kuikumbuka.

Nchi ilipojitawala tuliamua kwamba kazi hiyo ya kukumbuka ni ya umma. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliyataja mawasiliano miongoni mwa njia kuu za uchumi ambazo hazina budi kuwa mikononi mwa wakulima na wafanyakazi kupitia Serikali yao. Wakati huo posta na simu zilikuwa chini ya shirika la pamoja la Afrika Mashariki. Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, Tanzania ikaunda shirika lake yenyewe la Posta na Simu, nalo likawa na ukiritimba kamili: barua, simu, telegramu, akiba ya posta, vyote chini ya paa moja.

Si haki kulisema vibaya shirika hilo kama kwamba halikufanya lolote. Lilirithi mgawanyo wa mali uliofanywa katika ugomvi, likaingia katika miaka ya vita vya Kagera na ya uhaba mkubwa wa fedha za kigeni. Mitambo, nyaya na vipuri vyote vilitoka nje. Pamoja na hayo, posta za wilayani ziliendelea kufunguliwa asubuhi, barua zikagawiwa, na mafundi Watanzania wakaziendesha mitambo ambayo kabla ya hapo ilisimamiwa na wageni. Vijana wa leo ambao hawajawahi kuona simu ya kukoroga hawajui kazi ya mafundi wale waliopanda nguzo katika mvua ili mawasiliano ya wilaya yasikatike.

Lakini ukweli hauna budi kusemwa wote. Simu katika miaka ile ilikuwa ya wachache. Maelfu kwa maelfu ya waombaji walisubiri kwa miaka kupata laini, na mahali pengi kujuana na mwenye ofisi kulifanya kazi ambayo fomu ya maombi haikuweza kuifanya. Anayetaka kuzungumza na mtu wa mkoa mwingine aliomba mitamboni, akangoja, na pengine akarudi nyumbani bila kupata. Mwongozo wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kuwakemea viongozi wenye kiburi na dharau kwa wananchi, lakini katika madirisha mengi ya mashirika ya umma maneno yale yalibaki ukutani. Mteja alipokelewa kama mwombaji wa sadaka.

Kwa nini ilikuwa hivyo? Wapo wanaojibu haraka kwamba ni kwa sababu shirika lilikuwa la umma. Sisi tunaona jibu hilo ni jepesi mno. Shirika lilipangiwa bei na wengine. Mapato ya simu yalisaidia kubeba hasara ya posta. Ofisi za umma zilikuwa mstari wa mbele kupiga simu, na mara nyingi zilikuwa mstari wa nyuma katika kulipa. Juu ya yote hayo, hakuna mkutano wa kijiji wala baraza la wilaya lililokuwa na uwezo wa kuliuliza shirika: mwaka huu mmetufikishia nini? Shirika lilikuwa la wananchi kwa jina, lakini lilijibu kwa wizara tu. Mali ya umma isiyohojiwa na umma hugeuka kuwa mali ya ofisi.

Tatizo hilo halikuwa letu peke yetu. Mwezi Januari mwaka 1985 tume ya kimataifa iliyoongozwa na Mwingereza Donald Maitland ilitoa taarifa iliyoishtua dunia. Ilionyesha kwamba katika simu milioni 600 zilizokuwapo duniani, robo tatu zilikuwa katika nchi tisa tu, na kwamba mji mmoja wa Tokyo ulikuwa na simu nyingi kuliko bara zima la Afrika. Mwezi Mei mwaka huo huo wajumbe wa mataifa walikutana katika mji wetu wa Arusha kwa mkutano wa kwanza wa dunia wa maendeleo ya mawasiliano ya simu, wakatoa azimio lao. Basi jina la Arusha limeandikwa mara mbili katika historia hii: mara ya kwanza kwa kusema mawasiliano ni mali ya wananchi, na mara ya pili kwa kuitaka dunia izibe pengo kati ya wenye simu na wasio nazo. Ahadi zote mbili zinatudai.

Mabadiliko yalikuja mwaka 1993. Sheria zilizopitishwa mwaka huo zililigawa shirika: posta ikawa peke yake, simu zikawa chini ya kampuni ya TTCL iliyoanza kazi mwanzoni mwa mwaka 1994, na ikaundwa Tume ya Mawasiliano ya kusimamia sekta. Makampuni binafsi ya simu za mkononi yakaruhusiwa. Mwezi Februari mwaka 2001 asilimia 35 ya hisa za TTCL ziliuzwa kwa wabia kutoka Uholanzi na Ujerumani, kampuni za MSI na Detecon, kwa bei iliyotangazwa kuwa dola za Marekani milioni 120. Nusu ya fedha hizo ndiyo iliyolipwa mwanzoni. Nusu ya pili ikageuka mgogoro. Kampuni ikapewa miaka minne ya kulindwa katika simu za mezani hadi Februari 2005. Wakati huo wote simu za mezani za kampuni hiyo zilibaki chini ya laki mbili katika nchi ya mamilioni ya watu.

Hapa tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu ndipo wengi wanapojikwaa. Ukiritimba wa shirika la umma ulishindwa kumfikia mwanakijiji. Lakini ukiritimba huo huo ulipopewa mbia wa kigeni, nao pia haukumfikia. Mwaka 2007 uongozi wa kampuni ukakabidhiwa kwa mkataba kwa SaskTel kutoka Kanada, na mkataba huo haukudumu. Ni vyema kujua kwamba SaskTel yenyewe ni shirika la umma, mali ya jimbo la Saskatchewan, jimbo la wakulima wa ngano ambao serikali yao iliingia katika kazi ya simu tangu mwaka 1908. Yaani tulipochoka na shirika letu la umma, tulikwenda kuazima viongozi katika shirika la umma la wenzetu. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba swali si nani mwenye hisa tu. Swali ni nani anamhoji mwenye hisa, na kwa kipimo gani.

Hisa zile zilizouzwa zilipita mikono kadhaa hadi zikafika kwa Bharti Airtel ya India. Mwaka 2016 Serikali ilizinunua tena. Sheria ya mwaka 2017 ikaifanya TTCL kuwa shirika la umma, na shirika hilo likaanza rasmi mwezi Februari 2018. Tumezunguka na tumerudi nyumbani. Tusirudi nyumbani na tabia ile ile tuliyoikimbia.

Wakati TTCL ikizungushwa hivyo, makampuni ya simu za mkononi yalifanya kazi ambayo hatuna budi kuisifu. Foleni ya kuomba simu ilikufa. Laini zilizosajiliwa nchini zilizidi milioni 80 kabla ya mwaka 2024 kwisha, ingawa ieleweke kwamba watu wengi wana laini mbili au tatu, hivyo hesabu ya laini si hesabu ya watu. Huduma ya fedha kwa simu, iliyoanza na M-Pesa mwaka 2008, imemfanya mtu asiyewahi kuingia benki aweze kupokea, kutuma na kuweka akiba. Mkongo wa Taifa, uliojengwa kwa fedha za umma kuanzia mwaka 2009, unapita mkoani kwetu ukiunganisha pwani na makao makuu Dodoma. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inapita Kilosa. Haya ni maendeleo ya kweli, na anayeyakana hana macho.

Lakini tazameni minara imesimama wapi. Imesimama kwa wingi mijini. Imesimama kando ya barabara kuu, ya Dodoma na ya Iringa, kutoka mji mdogo hadi mji mdogo. Katika nchi tambarare mawimbi huenda mbali, na mnara mmoja huhudumia vijiji vingi. Katika milima mambo ni mengine. Mawimbi ya simu hayapindi mlima kwa urahisi. Kijiji kilicho nyuma ya kilima hubaki kivulini hata kama mnara uko karibu kwa mwendo wa miguu. Ili kukifikia lazima mnara mwingine usimame juu ya kilele, na huo unahitaji barabara ya kupandisha vyuma na saruji, umeme au sola au jenereta yenye mafuta, na mlinzi. Gharama ni kubwa, wateja ni wachache, na matumizi yao ni madogo. Mhasibu wa kampuni hufanya hesabu yake, akafunga daftari. Hatumlaumu. Yeye ameajiriwa kufanya hesabu hiyo.

Basi historia imejirudia kwa vazi jipya. Waya ulifuata reli. Minara imefuata barabara. Ndiyo maana katika sehemu nyingi za milimani nchini mwetu bado utaona watu wamekusanyika juu ya kichuguu au chini ya mti fulani unaojulikana na kijiji kizima, wameinua simu zao juu wakitafuta mtandao. Mtu huyo naye amehesabiwa katika laini zile milioni 80. Ana simu, ana laini iliyosajiliwa kwa alama za vidole, ana salio. Alichokosa ni kile ambacho hawezi kukinunua peke yake.

Bunge lililiona jambo hili. Sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote. Makampuni huchangia sehemu ndogo ya mapato yao, Serikali na wafadhili huongeza, na Mfuko hutoa ruzuku kwa kampuni itakayokubali kujenga mahali pasipolipa. Mwezi Mei mwaka 2023, mjini Dodoma, ilitiwa saini mikataba ya kujenga minara 758 katika kata 713 za nchi nzima. Huo ni mpango mkubwa na wa heshima. Ndiyo njia ya kati ambayo tungeitaka: makampuni yashindane panapolipa, na umma ulipie pale ambapo haki inadai na faida haipo.

Hata hivyo mnara uliosimama si mnara unaofanya kazi, na mnara unaofanya kazi si lazima uwe unafika kila kitongoji. Kata ya milimani inaweza kuandikwa katika taarifa kwamba ina mawasiliano, kwa sababu upande mmoja wa kata una mnara, wakati upande wa pili wa mlima kuna shule na zahanati ambazo mwalimu na mganga wake hutembea saa nzima ili kutuma taarifa. Katika karatasi kata ni moja. Juu ya ardhi ni nchi mbili.

Wapo watakaosema kwamba tunaiombea Mamboya na milima yake hisani. Sivyo. Tunawaomba watu wa tambarare wajitazame wenyewe. Mwezi Januari mwaka 2014 mafuriko yalizikumba Dumila, Magole na vijiji vya jirani. Daraja la Dumila likaharibiwa na barabara kuu ya kwenda Dodoma ikakatika. Kabla ya hapo, mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa 2010, mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukawaacha maelfu ya watu wa Kilosa bila makazi na kuing'oa reli. Maji yanayovamia tambarare zetu hayaanzii tambarare. Mvua hunyesha juu milimani kwanza, mito ikajaa, kisha maji yakateremka. Mwanakijiji wa Ukaguru huyaona maji kabla ya mtu wa Dumila kuyasikia. Akiwa na mtandao, simu yake moja kwa ofisa mtendaji wa chini inaweza kuwapa watu muda wa kuwatoa watoto, wazee na mifugo. Akiwa hana, atabaki kutazama maji yakienda kuua, naye hana sauti ya kuyatangulia. Mnara wa mlimani, kwa hiyo, ni sikio la tambarare nzima. Anayeuhesabu kwa wingi wa wateja walio chini ya kivuli chake amekosea hesabu.

Na mama mjamzito wa milimani tutamwambia nini? Namba 115 ni neema kubwa. Lakini namba isiyopigika ni sawa na dawa iliyofungiwa kabatini, ufunguo ukiwa Morogoro. Uchungu hausubiri mtu apande kilima kutafuta mawimbi usiku, kisha ashuke aseme amepata au amekosa. Zamani, kabla huduma hii haijakuwapo, kijiji cha mlimani na kijiji cha barabarani vyote vilikuwa sawa katika shida. Leo tumemwinua mmoja, na yule wa pili tumemwacha palipo. Tofauti hiyo haikuumbwa na mlima. Tumeiumba sisi kwa kupeleka huduma katika simu kabla ya kupeleka simu kwa mhudumiwa.

Kutokana na hayo, tunapenda kutoa mapendekezo yafuatayo kwa wahusika wote.

Kwanza, kipimo cha mawasiliano kiwe kitongoji, wala kisiwe kata. Mamlaka ya Mawasiliano na Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote wana wataalamu na vyombo vya kupimia mawimbi. Tunawaomba orodha ya kila wilaya ibandikwe katika mbao za matangazo za kata na vijiji: kitongoji gani kina mtandao, kipi hakina, mkataba wa kukihudumia uko kwa kampuni ipi, na lini kazi itakwisha. Mwanakijiji akishaijua tarehe, atajua siku ya kuuliza.

Pili, ruzuku ifuate huduma na isiishie katika vyuma. Fedha ya umma ilipwe kwa awamu, na sehemu yake ibaki mkononi mpaka mnara uthibitike kuwa unafanya kazi mvua na jua, mwezi baada ya mwezi. Mnara uliozimika kwa kukosa mafuta hauna tofauti na nguzo ya bendera.

Tatu, mnara uliojengwa kwa fedha ya umma uwe mlango wa wote. Si busara mtu wa mlimani alazimike kubadili laini kila anapovuka kijito, wala haifai kila kampuni idai mnara wake katika kilele kimoja. Na namba za dharura zipigike kupitia mtandao wowote uliopo, bila kujali laini ya mpigaji.

Nne, shirika letu la TTCL lipewe kazi inayolipa maana ya umiliki wa umma. Kama litaachwa kugombania wateja wa mjini na makampuni yenye mitaji minene, litachoka bure, na tutaulizana tena kwa nini tulilirudisha. Lipewe wajibu ulioandikwa wa kufikisha mkongo na huduma katika shule, zahanati na ofisi za vijiji, lilipwe kwa wajibu huo kwa uwazi, kisha lihojiwe kwa wajibu huo. Shirika lisibebeshwe mzigo kwa siri halafu likachekwa kwa hasara.

Tano, madiwani wetu wa Kilosa walifanye suala hili kuwa ajenda ya kudumu ya baraza. Barabara, maji na umeme vina nafasi yake katika kila kikao. Mawasiliano hayana, kana kwamba ni biashara ya watu binafsi isiyohusu baraza. Huduma ambayo Serikali hutoa kupitia kwayo mbolea, matibabu na malipo haiwezi tena kuitwa biashara ya watu binafsi.

Wananchi nao wana sehemu yao. Mahali pengi nchini, nyaya za shaba zilikatwa na kuuzwa kama chuma chakavu, hata vijiji vilivyobahatika kuwa na simu za mezani vikazikosa. Siku hizi wapo wanaoiba betri, sola na mafuta ya minara. Anayeiba betri ya mnara haibi mali ya kampuni peke yake. Ameizima sauti ya mama anayejifungua usiku ule, na huenda mama huyo ni wa nyumba ya jirani yake. Kijiji kinachodai mnara kiwe tayari kutoa eneo bila mizengwe, kuulinda, na kumtaja mwizi hata akiwa mtoto wa mkubwa. Mnara ni amana, na amana hulindwa na aliyekabidhiwa.

Tunajua majibu yatakayotolewa. Tutaambiwa fedha hazitoshi, na nchi ni kubwa. Ni kweli nchi ni kubwa, lakini ukubwa huo haukuanza leo, na ulikuwapo tulipoamua kuzihamishia huduma za Serikali katika simu. Kama uamuzi huo ulikuwa sahihi, nasi tunaamini ulikuwa sahihi, basi gharama ya kuwafikia waliobaki ni sehemu ya uamuzi wenyewe. Haiwezi kuhesabiwa kuwa nyongeza ya kufikiriwa fedha zikibaki. Na mpaka siku watakapofikiwa, ofisi za umma ziendelee kuwahudumia kwa karatasi wale ambao simu haiwafikii. Asinyimwe mtu mfuko wa mbolea kwa kosa la kuzaliwa nyuma ya mlima.

Tarishi wa miaka ya 1880 alipanda milima ya Ukaguru kwa miguu akiwa na barua begani, kwa kuwa palikuwa na mtu juu aliyekuwa akiingoja. Watu wangali juu, na wangali wakingoja. Wahandisi, wahasibu na viongozi wetu wana magari, ramani na fedha ambazo tarishi yule hakuwa nazo. Wapande.